Sura ya Sita: Ngazi ya Kuegemeza

Nchi ya Ufipa haina kitu kirefu ila milima yake. Mtu atokaye Tunduma kwa barabara ya lami, akiisha kupita Laela na Mpui, huona mbele yake uwanda mpana wa nyasi na mashamba, wenye miti ya kuhesabika, ambao upepo wa kipupwe huupita toka upande hata upande bila ya kizuizi mpaka uifikie safu ya Mbizi. Na mji wa Sumbawanga wenyewe, uliokaa kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ni mji wa nyumba fupi za matofali ya kuchoma na mabati. Kwa sababu hiyo jicho la mgeni huvutwa upesi na vile vichache vilivyosimama: minara ya makanisa, minara ya simu, vihenge vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huko Kanondo, na, katika mitaa ya ndani, mapaa ya viwanda vya kukoboa na kusaga mahindi, yaliyopandishwa kuliko mapaa ya jirani zake kwa kuwa chini yake mna mashine zilizopangwa moja juu ya nyingine. Muradi wa sura hii ni urefu ule uliofichwa chini ya mabati, na chombo kiutumikiacho, yaani ngazi.

Neno kihenge limefanya safari ndefu. Zamani lilikuwa jina la ghala la fito, lililokandikwa udongo na kuinuliwa juu ya magogo au mawe ili panya na unyevu visilifikie, likavikwa kofia ya nyasi ambayo ilifunuliwa kila mwenye nyumba alipotaka kutia au kutoa ulezi, chakula cha Wafipa kabla mahindi hayajashika nafasi yake. Aliyepanda aliegemeza gogo lililochongwa vidato, na kimo cha kuanguka, kama bahati ilimkosa, hakikuzidi sana kimo cha mtu mzima. (Wakwezi wa pwani hukata vidato hivyo hivyo katika shina la mnazi, na kwao shule zetu zimeazima neno kidato, ambalo mwanafunzi wa leo hulitaja pasipo kukumbuka kwamba asili yake ni mahali pa kuwekea mguu usiteleze.) Leo kihenge ni mnara wa bati nene, uliojengwa kwa mkopo wa Serikali ya Poland na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Julai 2024, na kwa desturi ya vihenge vya namna hiyo popote duniani, njia ya kupandia hufungiwa mwilini mwake kwa nati, ikazungushiwa kizimba cha chuma ili mpandaji akilegea asiende zake hewani. Aliyeuchora mnara wa namna hiyo aliichora na ngazi yake siku ile ile. Katika viwanda vidogo vya mjini mambo ni kinyume: mashine hununuliwa, hujengwa, huwashwa, na ngazi hutafutwa baadaye, siku ya kwanza ambayo mtu amehitaji kufika juu, nayo hutengenezwa kwa miti miwili ya mkaratusi na vipande vya mbao vilivyopigiliwa misumari, kisha huegemezwa.

Wafipa si wageni wa kazi za juu. Wahunzi wao walisifika kwa tanuru za udongo zilizoitwa ilungu, ambazo zilisimama kupita kimo cha mtu, zikijivutia upepo zenyewe kwa matundu ya chini pasipo kuhitaji mivuo, na makaa na mawe ya chuma yakimiminwa kwa juu; kazi iliyodumu hata karne iliyopita, mpaka majembe ya dukani yalipoizima. Mhunzi alikuwa na miiko yake, na juu ya tanuru hakupanda ila mtu aliyejua kwa nini anapanda na wakati gani ashuke. Naitaja habari hii kwa sababu nimewasikia wenye viwanda wakisema kwamba vijana wa siku hizi huanguka kwa kuwa hawajazoea kimo. Dhana hiyo haina insafu. Tofauti iko katika kazi yenyewe: mhunzi alikuwa na wakati wake, na kijana wa kinu hana.

Tufuate basi jinsi vinu vilivyorefuka. Mkoa wa Rukwa, ambamo Ufipa imo, ulioundwa 1974, ulikuja kuhesabiwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, katika mikoa minne mikuu ya mahindi ya Tanzania; na kwa miaka mingi mahindi hayo yaliondoka kama mahindi, yakanunuliwa na Shirika la Usagishaji la Taifa na kupakiwa katika malori yaliyokwama wiki nzima katika tope la masika. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa kwa watu binafsi, na lami ilipofika kutoka Tunduma katika muongo wa pili wa karne hii, ilidhihirika kwamba ni faida zaidi kuondosha sembe kuliko punje. Mashine ya mtaani, ambamo mama alimimina debe lake akisimama chini, ikawa haitoshi. Pakaja mashine za kukoboa mbili au tatu kwa mfuatano, mikanda ya vikombe ipandishayo mahindi, machekeche, na pipa la kutenganishia unga na upepo, ambalo mafundi huliita saikloni; na kwa kuwa kiwanja mjini ni kidogo na nafaka hushuka yenyewe ikiwa juu, kila kilichoongezwa kiliwekwa juu ya kilichotangulia. Hivyo kiwanda kikakua kama mti, nacho, mfano wa mti, kikadai mpandaji.

Mpandaji hupanda kufanya nini? Aghalabu hupanda kuzibua. Mahindi yenye unyevu, yale ya mwezi wa Mei na Juni ambayo mkulima ameyaleta kabla hayajakauka vema kwa kuwa ada ya shule haingoji, hushikamana katika bomba, na mlio wa mashine hubadilika. Hapo fundi humtazama kibarua aliye karibu, na kibarua hushika nyundo ya mti, hupanda, hugonga bomba mpaka punje zishuke. Hupanda pia kutia grisi, kurudisha mkanda uliotoka katika gurudumu lake, kubadili wavu wa chekeche uliotoboka, na, katika vinu ambavyo hopa, yaani chombo cha kumiminia nafaka, haikuchimbiwa chini, hupanda na gunia begani. Katika vyumba vya kukamulia alizeti, ambayo nayo ni zao la nchi hii, watu hupanda wakiwa na mafuta katika nyayo. Upandaji wa namna hii hauandikwi katika masharti ya kazi ya mtu yeyote, wala hapana aliyeajiriwa kuwa mpandaji. Kwa hiyo hapana pia aliyefundishwa.

Nilikuwapo siku moja, mwezi wa Agosti, katika kinu ambacho sitakitaja, nikingoja gunia zangu mbili. Asubuhi ilikuwa na baridi ile ya Ufipa inayomfanya mtu asizisikie ncha za vidole vyake. Kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyepanda mjini kutoka vijiji vya Bonde la Rukwa kutafuta kazi ya msimu, alikuwa juu ya ngazi ya mkaratusi akigonga bomba. Bomba lililoziba lilikuwa upande wake wa kulia, mbali kidogo na mkono. Na badala ya kushuka, kuisogeza ngazi na kupanda tena, jambo ambalo lingemla dakika moja, alijinyoosha. Nyuma yangu sauti ilimwambia, "Fanya upesi, mdogo wangu, watu wanangoja." Mimi ni mmoja wa hao watu waliokuwa wakingoja. Miguu ya ngazi, iliyosimama juu ya saruji iliyosuguliwa na pumba mpaka ikang'aa, iliachia, ikarudi nyuma kama mtu anayevutiwa zulia, na kijana akaja nayo. Alitua kwa visigino, kisha akakaa. Hakupiga kelele. Alituangalia sote kwa zamu, kama mtu anayetaka kuulizwa jambo.

Kimo kilikuwa karibu mita 3, na aliyekuwa karibu alisema kwa kumfariji kwamba si mbali. Hesabu yasema vingine. Kitu kiangukacho mita 3 hufika chini katika muda usiotimia sekunde moja, robo tatu yake na chembe, na wakati kinapofika kina mwendo wa kilomita 28 kwa saa, ambao ni mwendo wa pikipiki ipitayo sokoni. Mtu aonapo pikipiki inamjia hukimbia. Lakini muda wa robo tatu ya sekunde hautoshi mtu kujigeuza na kujipanga hewani. Aghalabu mwili hufika chini katika mkao wa karibu na ule uliouanza. Akitangulia mikono, huvunjika kifundo cha mkono. Akitangulia visigino, mfupa wa kisigino, ambao ndani ni kama sega la asali, hupondeka, na nguvu iliyosalia hupanda kwa miguu mpaka pingili za mgongo wa chini na kuzigandamiza. Ndiyo maana tabibu mwenye maarifa aletewapo mtu aliyevunjika kisigino kwa kuanguka humchunguza mgongo hata kama mgonjwa hakuulalamikia. Akitangulia kichwa, aghalabu hatuna la kusimulia.

Waliofanya jambo baada ya kijana kuanguka walilifanya kwa upendo, nami sina haki ya kuwalaumu kwa kuwa sikuwazuia. Wawili walimshika kwapani wakamsimamisha, aone kama aweza kutembea. Alipoyumba walimbeba, wakampandisha bodaboda katikati ya dereva na mwenzake, miguu ikining'inia, wakaondoka naye kwa njia ya mashimo. Yampasa kila afanyaye kazi chini ya paa refu aujue ukweli huu kwa yakini: mtu aliyeanguka toka juu huenda amevunjika pingili ambayo haijaukata uti wa mgongo, na kumsimamisha, kumkunja au kumkalisha kwaweza kukamilisha kile ambacho sakafu haikukikamilisha. Aachwe alipolala, kichwa na shingo vishikwe visigeuke, afunikwe asipate baridi, na akihamishwa ahamishwe kwa pamoja kama ubao mmoja, na watu wanne au watano, juu ya kitu kigumu kilichonyooka. Mlango wa stoo ungetosha. Pale kinuni palikuwa na mlango wa stoo, umening'inia kwa bawaba moja, na hapana aliyeukumbuka.

Kwa habari ya uganga Ufipa haikuwa nyuma ya nchi nyingine. Mmoja wa waganga wa kwanza wenye elimu ya Kizungu katika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika alikuwa Adrien Atiman, Mwafrika wa asili ya Mali ya leo, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa utabibu Malta na kuletwa Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, alikotibu watu mpaka kufa kwake 1956. Hospitali mjini Sumbawanga imechukua jina lake. Kadhalika wapo waunga mifupa wa vijijini, wenye gome na vijiti vyao, ambao kwa mfupa wa mkono wa mtoto nimeona kazi yao ikitoka njema. Ila kisigino kilichopondeka na pingili iliyogandamizwa ni mambo yaliyo nje ya gome na vijiti, na vibarua wengi, kwa kuogopa gharama, huenda huko kwanza.

Kijana wetu alifikishwa katika hospitali moja. Mwenye daftari aliuliza, kama ilivyo dhima yake, "Amepatwa na nini?" Waliomleta walijibu, "Ameanguka." Akaandika: *kuanguka*. Nililiona neno hilo kwa macho yangu baadaye, katika kadi yake, nami nimelifikiria mara nyingi kuliko nilivyofikiri kwamba naweza kulifikiria neno moja. Aliyeanguka toka mwembeni wakati wa kuchuma, bibi aliyeteleza bafuni, mlevi aliyejikwaa mtaroni, na mfanyakazi aliyetupwa na ngazi ya mwajiri wake juu ya sakafu ya mwajiri wake saa ya kazi, wote huingia katika neno hilo wakafanana. Ngazi hupotea mle. Kinu hupotea. Na mtu wa serikali akija kesho kutaka kujua ni viwanda gani vya unga vinavyojeruhi, atalikuta daftari limejaa miguu iliyovunjika isiyokuwa na asili.

Huko walikouliza zaidi, waliona zaidi. Nchini Marekani taasisi za afya zilipozikusanya habari za mwaka 1 tu, wa 2011, zilikuta kwamba ngazi ziliwaua wafanyakazi 113 na kuwapeleka wengine wapatao 34,000 katika vyumba vya dharura vya hospitali. Na hiyo ni nchi yenye wakaguzi, yenye ngazi za kiwandani zilizobandikwa maandishi ya uzito zinaoweza kuubeba. Hesabu hiyo haikupatikana kwa uchawi. Ilipatikana kwa sababu mwenye daftari aliuliza swali la pili: alianguka toka wapi, akifanya nini, kwa nani? Zanzibar nako, ambako kuanguka mikarafuuni ni msiba wa kila msimu, Shirika la Biashara la Taifa limekuwa na desturi ya kuwalipa fidia wachumaji walioanguka. Na sharti la kwanza la kulipwa ni kwamba ithibiti kuwa mtu alianguka toka mkarafuuni. Mkarafuu umeandikwa, basi mwenye kuanguka toka juu yake ana pa kwenda.

Bara tunayo sheria, tena si haba. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya 1937, ambayo sheria za kikoloni za nchi zetu zilifuata nyayo zake, iliagiza kwa maneno machache kwamba ngazi zote zijengwe imara na zitunzwe ipasavyo. Tanganyika ilipata yake ya viwanda mwaka 1950, nayo ikadumu zaidi ya nusu karne mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA ulioanzishwa 2001. Kwa upande wa fidia, sheria ya kikoloni iliyoachwa ikizeeka ilikuwa na kiwango cha juu cha shilingi 108,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, fedha ambayo, thamani ya shilingi ilivyokuwa ikishuka, ilikwisha kuwa tusi. Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake, wala haruhusiwi kuukata katika ujira. Kwa sasa ni nusu ya asilimia 1 ya malipo ya wafanyakazi, maana yake kwa mtu alipwaye shilingi 200,000 ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa hiyo elfu moja Mfuko hubeba matibabu, malipo ya muda ambao mtu hawezi kazi, pensheni ya ulemavu wa kudumu, utengamao wa aliyejeruhiwa, na riziki ya wategemezi wa aliyekufa. Nimeulizwa na mwenye kinu mmoja, mtu mcha Mungu na mlipaji mzuri, kama nilikuwa na hakika na hesabu hiyo. Nilikuwa nayo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba alidhani ni mambo ya makampuni makubwa ya Dar es Salaam.

Nimekwisha kusema kwamba kijana wa kinu hana wakati, na hapa sharti nikae kidogo, kwa kuwa wengi wasemao juu ya ngazi husema juu ya mbao na misumari wakaacha ujira. Kibarua wa msimu Sumbawanga hulipwa kwa gunia. Mashine ikisimama, fungu lake husimama. Bomba likiziba kwa robo saa, robo saa hiyo imetoka katika chakula cha jioni cha watoto wake, si katika faida ya tajiri peke yake. Umeme nao ukikatika mchana, watu hukimbilia kufidia urudipo, na usiku huwakuta wangali juu. Mtu wa namna hii ukimwambia ashuke aisogeze ngazi, umemwambia alipe kwa fedha yake usalama ambao si yeye aliyeuondoa. Ndiyo maana simwamini anayetundika ukutani kibao cha "Kuwa Mwangalifu" na kurudi ofisini. Uangalifu ni mali ya mtu asiyekimbizwa. Mwenye kutaka watu wake wapande taratibu na awalipe kwa siku, au awalipe muda wa kuzibua kama awalipavyo gunia. Baada ya hapo kibao chake kitasomeka.

Na lililo bora kuliko kupanda taratibu ni kutopanda kabisa. Hopa ikichimbiwa shimo, mdomo wake ukawa sawa na sakafu na kufunikwa wavu wa nondo, mwenye gunia humimina akiwa amesimama chini na mkanda wa vikombe ukafanya kazi ya bega. Bomba lizibalo mara kwa mara lina kosa katika mwinamo wake, na fundi wa kuchomelea aweza kulisahihisha kwa siku moja; au huwekewa kidirisha cha kuzibulia mahali mkono unapofika, na mti mrefu wa kugongea. Beringi ya juu huvutiwa mpira mwembamba wa grisi mpaka usawa wa kifua. Panapobaki pa kupanda kila siku, pawe na ngazi ya kudumu yenye mikono pande mbili na jukwaa lenye uzio mwishoni mwake, ili mtu atumie mikono yake yote kwa kazi. Haya yote yamo katika uwezo wa mafundi waliopo Sumbawanga leo, wanaotengeneza matela na mageti.

Ngazi ya kuegemeza ibaki kwa kazi ya nadra, na hapo ina adabu zake, ambazo nitazitaja kwa ufupi kwa kuwa zafundishika kwa nusu saa. Kwa kila mita 4 inazopanda, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Njia sahali ya kupima ni kusimama na vidole vya miguu vikigusa mguu wa ngazi na kunyoosha mikono mbele, viganja vikifika kwenye kipandio pasipo kuinama basi mwinamo ni sawa. Ipite mahali pa kushukia kwa mita 1, ifungwe kamba juu, au ishikwe na mtu chini ambaye hana kazi nyingine. Viungo vitatu katika vinne vya mwili viwe vimeishika wakati wote, jambo ambalo haliwezekani kwa mwenye gunia, na kwa hiyo mwenye gunia asipande. Kitovu kisitoke nje ya miti miwili. Pumba ifagiwe chini yake kabla, wala si baada. Rangi isipakwe juu ya mbao, maana huficha ufa.

Nilirudi kinuni pale mwezi wa Juni uliofuata. Ngazi ilikuwa ile ile. Walikuwa wameizungushia vipande vya tairi miguuni, na nilifurahi kwa tairi hizo kuliko nilivyotazamia. Kijana alikuwapo, ameketi juu ya gunia tupu akishona midomo ya mifuko ya sembe, fimbo kando yake. Kisigino kilikuwa kimeunga kwa upana, kiatu hakikiingii. Aliniamkia, nikamwuliza kama alipata kulipwa kitu, akasema kwamba tajiri alimpa fedha ya dawa ya mwezi mmoja na kazi hii ya kuketi, na kwamba Mungu ambariki. Nikamwuliza juu ya Mfuko. Hakupata kuusikia. Nilihesabu miezi kwa vidole: sheria humpa mtu miezi 12 ya kupeleka madai yake, na toka Agosti ile ilikuwa imebaki miwili.

Siku ya Jumapili alikuja kwangu, akateremka kwenye bajaji kwa shida, akatoa kifuani mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa kadi ya hospitali, picha ya mionzi, na risiti zote, hata ya nauli. Tuliketi barazani na fomu baina yetu. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa mtu aliyetaka kuendelea na shule. Alipofika penye nafasi ya kueleza ajali ilivyotokea, aliiinua kadi, akalitazama neno lile, akaanza kulinakili.

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Andika ngazi."

"Niandike ngazi tu, mzee?"

"Andika ya mti gani, ilisimama juu ya nini, na ulikuwa unafanya nini juu yake. Ilikuwa na vipandio vingapi?"

Hakufikiri. "Kumi na kimoja. Mimi nilikuwa juu ya cha tisa." Kisha akaiegemeza fimbo yake ukutani, akaivuta fomu karibu, akaandika.